Nafasi Moja Katika Nne

Tanosawa, 8 Machi 2004

Mwanangu Sanae,

Salamu kutoka kwenye theluji. Bado imefika dirishani. Jana baba yako alipanda juu ya paa kuipakua, na umri ule wa miaka sitini na saba, nikamwambia akianguka nitamwacha hukohuko mpaka Aprili. Alicheka. Tuko wazima wote wawili. Masikio yangu ndiyo yaleyale, nikishika simu nasikia mlio wa mbu tu, kwa hiyo usijisumbue kupiga. Andika.

Kwenye kifurushi hiki kuna mkanda wa tumbo. Nimeupeleka hekaluni ukaombewa. Mwezi wa tano wa mimba ukitimia, ufunge Siku ya Mbwa ya kalenda ya hekalu, tena asubuhi, si jioni kama ulivyofanya kwa Madoka halafu ukanililia mgongo. Mbwa anazaa bila kelele, nawe uzae hivyohivyo.

Nimeshaongea na daktari wa zahanati ya mtoni, yuleyule aliyempokea Madoka. Agosti ana nafasi. Chumba chako nimekifungua kipate hewa, panya walikuwa wameshahamia. Uje mwisho wa Juni kabla joto halijakupata kwenye treni. Mabinti wa nyumba hii wote wamerudi kuzalia hapa, na wewe huyu wa pili utamzalia hapa. Niambie tu ni treni ya siku gani.

Madoka hajaniandikia tangu mwaka mpya. Mwambie Bibi amenuna. Ule mkoba mwekundu wa shule umefika? Akianza darasa la kwanza nataka picha, amesimama kwenye lango la shule, mkoba mgongoni, meno yote nje.

Mama yako,
Mitsuyo


Nagoya, 3 Aprili 2004

Mama,

Nakuamkia wewe na Baba. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Huku maua ya cheri yalichanua, ikaja mvua ikayamwaga yote kwa siku moja. Tetsuro anawasalimu, kazi zimemzidi. Mkanda niliufunga, na ilikuwa asubuhi.

Mama, safari hii sitakuja kujifungulia nyumbani. Nitajifungulia hapa Nagoya, kuna hospitali kubwa karibu. Tafadhali mwambie daktari asiniwekee nafasi.

Madoka ana upungufu wa damu kidogo, anachoka upesi. Nywele tumemkata fupi kwa sababu ya joto. Mkoba umefika na ameupenda sana, analala nao. Picha nitatuma.

Wako,
Sanae


Tanosawa, 9 Aprili 2004

Sanae,

Sisi hatujambo. Theluji imeanza kuondoka na mboga za mlimani zinachungulia. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta sababu, na sababu sikuiona. Joto gani hilo la kumkata mtoto nywele mwezi wa Aprili? Huku bado tunalala na chupa za maji moto miguuni.

Sema ukweli, ni yule mama mkwe wako wa Ichinomiya? Anataka mjukuu azaliwe mlangoni kwake ili awe wa kwanza kumbeba? Kama ni yeye niambie, nitamwandikia kwa adabu zote, kwa wino mzuri, na atajuta kujua kusoma.

Hospitali kubwa ina nini ambacho sisi hatuna? Kuniko wa jirani ananiuliza kila siku, Sanae anakuja lini. Nimjibu nini? Kwamba mwanangu anaionea haya nyumba yetu?

Picha haikuwemo. Niliitikisa bahasha mpaka baba yako akaniuliza kama natafuta sarafu.

Mama yako


Nagoya, 12 Mei 2004

Mama,

Nakuamkia. Najua umekasirika na najua mwezi mzima umesubiri. Nilianza barua hii mara nne. Kaa chini kwanza, na Baba akiwepo mwite akae karibu.

Madoka ana saratani ya damu. Iligundulika Oktoba, wiki ile mlipokuwa mkichuma persimoni, na ndiyo maana hatukuja. Dawa zilimsaidia, tukadhani tumepona, tukanyamaza ili msije mkaumia bure. Februari ugonjwa ukarudi. Hakukatwa nywele, Mama. Zimenyonyoka. Shule hajaanza. Mkoba anaulalia hospitalini, huo ni kweli.

Daktari anasema dawa peke yake hazitoshi tena. Anahitaji kupandikizwa mbegu za damu, wao wanaziita seli shina, zinazoweza kuotesha damu mpya yote mwilini. Mimi nimepimwa, Tetsuro amepimwa, hatulingani naye vya kutosha. Wanatafuta kwenye benki za damu ya vitovu, bado hawajapata inayomfaa.

Mtoto akizaliwa, kitovu kikikatwa, kwenye kondo hubaki damu kidogo ambayo siku zote ilikuwa inatupwa. Ndani yake kuna mbegu hizo. Huyu niliye naye tumboni, kwa kuwa ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja, ana nafasi moja katika nne ya kulingana na dada yake. Lakini damu hiyo lazima ikingwe na watu waliofundishwa, palepale, dakika chache baada ya kuzaa. Zahanati ya mtoni haiwezi. Ndiyo hiyo sababu uliyoitafuta. Mama mkwe hana kosa.

Kuhusu mimba hii usiniulize kitu, Mama. Nakuomba.

Wako,
Sanae


Tanosawa, 17 Mei 2004

Mwanangu,

Baba yako yuko shambani tangu asubuhi, hataki kurudi ndani. Mimi nimeketi. Sitakuambia nililia kiasi gani.

Umesema ugonjwa ulijulikana Oktoba. Nimehesabu kwa vidole mpaka Agosti, nikahesabu tena. Sikuulizi.

Nisikilize sasa. Pamoja na barua hii nimetuma kisanduku kidogo cha mbao kwa posta ya kusajiliwa. Ni kitovu cha Madoka, kile kilichodondoka akiwa na siku sita, ulichoniachia nikutunzie. Unajua kinatunzwa kwa ajili gani. Mwenyewe akifika kwenye mlango wa kifo, kinachemshwa, ananyweshwa maji yake, anarudi. Bibi yako alijua hivyo, na mama yake alijua. Hao madaktari wenu leo ndio wanagundua kwamba kwenye kitovu kuna uhai! Kichemshe, Sanae. Kijiko kimoja tu.

Utasema ni mambo ya kizamani. Mimi pia nilisema. Kaka yako Minoru hakufa kwa kichomi kama tulivyokuambia. Alipauka, akaanza kutoka madoa ya zambarau miguuni, fizi zikavuja damu. Alikuwa na miaka minne. Mama mkwe wangu alinipigia magoti, mwanamke yule ambaye hakuwahi kuniinamia hata kichwa, akanisihi nikichemshe kitovu chake. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimesoma, najiona mjanja. Nikamwambia uchafu huo hauingii kinywani mwa mwanangu. Minoru alikufa baada ya siku tisa, mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Kitovu chake bado ninacho.

Kichemshe. Usiwe mimi.

Mama


Nagoya, 20 Juni 2004

Mama,

Nakuamkia. Mvua za Juni zimeanza, nguo hazikauki. Miguu yangu imevimba. Baba amesharudi ndani?

Kisanduku kimefika. Sikukichemsha na sitakichemsha. Mama, niamini. Madoka yuko kwenye chumba ambacho hata tunda lenye ganda haliingii. Tunavaa barakoa, tunanawa mpaka mikono inapasuka. Mwili wake hauna askari hata mmoja. Kitu kilichokaa kwenye kabati miaka sita kinaweza kumuua kwa siku moja. Pole kwa Minoru. Nilikaa na barua yako kwenye ngazi za hospitali nikamlilia mtu nisiyewahi kumwona. Lakini hukumuua wewe.

Picha hii hapa. Alitaka mwenyewe kuvaa mkoba. Akasema, “Mwambie Bibi meno mawili yameng’oka, asihesabu vibaya.”

Sasa nikuambie linaloninyima usingizi. Kila mtu hospitalini akiniona na tumbo hili anatabasamu, manesi wanamwita mtoto “msaidizi.” Sijamnunulia hata fulana. Akicheza tumboni najiuliza kitu kimoja tu, unalingana au hulingani? Nafasi tatu katika nne ni kwamba halingani. Ikiwa hivyo, Mama, nitamtazamaje? Naogopa nitamwona kama mlango uliofungwa. Naogopa sitampenda. Mwanamke wa namna gani anaandika hivi?

Sanae


Tanosawa, 1 Julai 2004

Sanae,

Mwanamke anayeogopa anaandika hivyo. Wengine wanaogopa bila kuandika, ndiyo tofauti.

Nakuja. Kama wewe huwezi kuja kwangu kuzaa, mimi nitakuja kwako, hata kama Kuniko anacheka kwamba nimegeuza desturi juu chini. Nitafika tarehe tano Agosti. Baba yako atabaki na shamba. Nitabeba nguo zangu na plamu zako za chumvi. Hakuna kingine.

Mama


Nagoya, 2 Septemba 2004

Mama,

Natumaini mko salama na kimbunga hakikuangusha mpunga.

Majibu yalikuja siku mbili baada ya wewe kuondoka. Hawalingani.

Benki imepata damu ya kitovu cha mtoto mwingine, hatumjui na hatutamjua. Hailingani yote lakini daktari anasema inatosha. Walitaka kuanza dawa kali wiki hii. Wameahirisha, kwa sababu Madoka ana homa. Ilianza tarehe ishirini na saba, inapanda mpaka arobaini, na hawajui imetoka wapi. Jana daktari aliniuliza kama kuna mtu amempa chochote cha kula au kunywa kutoka nje. Nikasema hakuna.

Kisha Madoka akasema, “Bibi alikuja na chupa ya chai.”

Nikamuuliza ilikuwa na nini. “Dawa ya mjomba.” Nikamuuliza, ulikunywa? Akafunga mdomo. Anasema ni siri, ameahidi. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimelia mbele yake, na yeye anatetemeka kwa homa na bado hasemi. Kwa ukaidi huo ni mjukuu wako kweli.

Mama, nilikuwa nimelala wodi ya wazazi ghorofa ya tatu, na nilikuachia mwanangu alasiri tano. Nijibu swali moja, alikunywa au hakunywa? Madaktari lazima wajue wanapigana na nini. Tuma kwa posta ya haraka. Ukinidanganya, sitakuandikia tena maisha yangu yote.

Sanae


Tanosawa, 4 Septemba 2004

Mwanangu,

Hakunywa. Soma hilo kwanza, ukamwambie daktari, kisha urudi usome yaliyobaki.

Nilikudanganya kuhusu mizigo yangu. Nilibeba kitovu cha Minoru. Nilijiambia, cha Madoka Sanae amekataa, lakini hiki ni changu na sihitaji ruhusa ya mtu. Nilikichemsha jikoni kwako siku ya tatu baada ya wewe kujifungua, Tetsuro akiwa kazini. Maji yalikuwa ya hudhurungi na yananuka kama kabati. Nikayatia kwenye chupa ya chai, nikapita mbele ya manesi nikiwa nimeishika kifuani chini ya koti la wageni wa wodi.

Nikamimina kwenye kifuniko. Madoka akaniuliza, “Bibi, hiyo nini?” Nikamwambia ni dawa, ilikuwa ya mjomba wako alipokuwa mdogo. Akaitazama. Akauliza, “Na yeye haihitaji tena?”

Nilitazama vile vidole vyake vyembamba vimeshika ukingo wa shuka, nikaona sikuja kumponya yeye. Nilikuja kumnywesha Minoru. Nilikuja na miaka thelathini na sita ya makosa yangu nikataka kuimimina kinywani mwa mtoto wako mgonjwa. Nikanywa mwenyewe, yote, mpaka tone la mwisho. Nikamwambia ni siri, maana nilikuonea haya. Kumbe nimemfunga mdomo siku anayohitaji kusema. Mwambie Bibi anamwachia ahadi yake. Mwambie Bibi ni mjinga.

Kama hutaniandikia tena nitaelewa. Ila kuna kitu kimoja. Barua yako nzima hukumtaja mtoto. Uliandika “hawalingani,” basi. Nilipoondoka alikuwa na siku kumi na moja na mlikuwa hamjampa jina, mnasema mnasubiri. Mlikuwa mnasubiri nini, Sanae? Yuko wapi? Anaitwa nani?

Mama


Ichinomiya, 20 Oktoba 2004

Mama,

Nakuamkia, na Baba. Najua persimoni zimeiva na nimekuacha wiki sita na nusu bila neno. Sikuwa na hasira. Sikuwa na maneno.

Homa ilitokana na vijidudu kwenye mpira wa dawa uliopo kifuani mwake. Waliuondoa, ikashuka. Nilimpa Madoka ujumbe wako. Akasema, “Basi niseme? Bibi alikunja uso hivi!” Akanionyesha. Tulicheka mpaka nesi akaja.

Damu ya kitovu aliwekewa tarehe ishirini na moja Septemba. Ilikuwa kidogo, Mama, haijazi hata bakuli la supu. Dakika kumi ikawa imekwisha, nikabaki naangalia mpira mtupu nikifikiri, ndiyo hii tu? Baada ya hapo tukaanza kuhesabu. Kila asubuhi wanapima chembe nyeupe za damu. Sifuri. Sifuri. Vidonda vikamjaa mdomoni, akawa hawezi kumeza mate yake. Siku ya kumi na nane bado ni sifuri, na daktari alianza kutukwepa macho. Nilijua nini kinakuja kama hazitaota, maana damu yake ya zamani walishaiua yote kwa zile dawa kali. Siku ya ishirini na nne zikawa mia moja. Juzi mia tatu. Daktari anasema tusifurahi bado, huenda zikashuka tena. Hatufurahi. Tunahesabu.

Mtoto anaitwa Itsuki. Tetsuro alimwandikisha peke yake, siku ya kumi na nne, siku ya mwisho ya sheria. Mimi nilikataa kuchagua. Tulikuwa tunasubiri majibu, Mama, ndicho tulichokuwa tunasubiri, na majibu yalipokuja nilimfungasha na chupa zake nikamleta hapa kwa mama mkwe. Nilisema ni kwa sababu hospitali hairuhusu watoto wachanga. Maziwa yangu nilikuwa nayakamua kwenye choo cha hospitali na kuyamwaga. Wiki saba. Mama mkwe alinitumia picha, nikaziweka kwenye mfuko bila kuzifungua.

Ulihesabu kwa vidole na hukuniuliza. Jibu ni ndiyo. Nilimtafuta kwa ajili ya damu yake. Na alipokuwa hana nilichomtafutia, sikujua yeye ni nani.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa wodini. Mama mkwe akapiga simu, akasema nisihangaike, ni mafua kidogo tu, Itsuki anapiga chafya na hanyonyi vizuri. Nikakata simu. Kisha nikakaa chini pale ukumbini, na nikajua hofu hiyo, Mama, ndiyo ileile ya Oktoba mwaka jana nilipoyaona madoa kwenye miguu ya Madoka. Haikuwa ndogo hata kidogo kuliko ile.

Ukimgusa mtu mwenye mafua huruhusiwi kuingia kwa Madoka siku tano. Sijawahi kumwacha hata siku moja. Nikasimama kwenye dirisha la kioo la chumba chake, nikamwambia kwa ile simu ya ukutani kwamba mdogo wake anaumwa. Alifikiri kidogo.

“Nenda wewe,” akasema. “Mimi nina mia tatu. Yeye ana ngapi?”

Nikamwambia sijui.

“Basi nenda kamhesabu.”

Nilimpigia Tetsuro aache kazi aje ashike zamu, nikapanda teksi mpaka Ichinomiya, sikungoja hata treni. Itsuki hakunijua. Alinigeuzia uso akamtafuta mama mkwe, na mama mkwe, ambaye ulitaka kumwandikia kwa wino mzuri, alimweka mikononi mwangu akatoka nje akafunga mlango.

Naandika hii kwa mkono mmoja. Amelala kifuani kwangu, pua imeziba, anakoroma kama Baba. Kila akinyamaza naweka kidole puani kuona kama anapumua. Naogopa sana, Mama.

Wako,
Sanae